Sekela Alivyotoa Ushahidi

Mgeni wangu wa kwanza kazini nilimkaribisha kwa tabasamu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu aliyeonewa akiingia ofisini asikutane na sura ya karani, akutane na sura ya binadamu. Basi akaingia mzee mmoja, fimbo mkononi, akasimama karibu na mlango. Nikatabasamu. Nikaendelea kutabasamu. Mashavu yakaanza kuuma. Mzee akageuza kichwa huku na huku, mwisho akauliza, "Hivi humu ndani kuna mtu?"

Alikuwa kipofu.

Bwana Kihwele, mkuu wangu pale Iringa, alikuwa meza ya pili akijifanya anasoma faili. Akamjibu, "Yupo, mzee wangu. Yupo binti mmoja, anakuchekea tangu umeingia."

"Ananicheka?" mzee akauliza. "Nimefanya nini?"

Ilinichukua nusu saa kumtuliza. Alikuwa amekuja kushtaki kwamba mwanawe humwachia chakula mahali tofauti kila siku ili acheke akimwona anapapasa. Kumbe amefika ofisi ya serikali, na huko nako anachekwa. Alipoondoka, Bwana Kihwele akafunga faili lake. "Binti Mlowe," akasema, "tabasamu lako ni zuri. Siku nyingine lipe na sauti."

Ninyi mnaoanza kazi ya ustawi leo mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi miaka ile ya sabini. Vyeo sitaandika, maana nilivyopata mnavijua na nilivyokosa nimeshavisahau. Nitaandika nilivyokosea. Hivyo ni vingi, na vina faida zaidi.

Bwana Kihwele alikuwa Mhehe mrefu, mkavu, anayesema maneno machache kana kwamba anayalipia. Hakunipa kitabu chochote. Alichonifundisha ni kwamba kabla hujamuuliza mtu swali la kwanza, jiulize alifikaje mlangoni kwako. Wiki yangu ya pili aliniambia nijifunge miguu kwa kanga, nianzie chini kabisa nje ya baraza, nipande ngazi zetu tatu bila kusimama. Nikapanda kwa viwiko. Nilipofika ngazi ya pili nikachoka, nikalala hapo hapo. Ndipo gari la mkubwa mmoja kutoka wilayani likasimama.

Mkubwa akashuka, akaniangalia, akamwangalia Bwana Kihwele. "Huyu ana tatizo gani?"

"Ngazi," Bwana Kihwele akajibu.

Wiki ile ile tuliletewa mbao na fundi, ngazi ikawa mteremko. Wa kwanza kuufurahia walikuwa mbuzi wa jirani. Asubuhi tukifungua mlango tunawakuta wamepanga foleni, na kwa kweli walikuwa na adabu kuliko baadhi ya waheshimiwa. Lakini wiki iliyofuata akaja mama mmoja anayetambaa kwa mikono, akapanda mwenyewe, akaingia, akasema, "Mara tatu nimefika hapa nikarudi." Tangu hapo sikulalamika tena juu ya mbuzi.

Katikati ya miaka hiyo nikapelekwa Igawa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini kando ya barabara kuu, malori ya kwenda Zambia yanapita mchana kutwa, na majaruba ya mpunga yanaanza nyuma ya nyumba za mwisho. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja pembeni ya ghala. Nilikuwa na meza, mhuri, baiskeli ya Kichina yenye kengele kubwa kuliko breki, na dirisha lisilo na kioo lililotazama mgahawa wa Bibi Mwanahawa, ng'ambo ya barabara. Bibi huyu babu zake walitoka pwani, na yeye alitoka Iringa na mumewe mwuza vitambaa. Mume alifariki, yeye akabaki Igawa na vitumbua vyake. Kiswahili chake kilikuwa kirefu. Sisi wengine wa huku tunasema "njoo." Yeye alisema, "Hebu jongea mwanangu, usinisimamie mbali kama mpita njia."

Siku moja mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi aliingia ofisini kwangu, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga. Nikamkaribisha, safari hii kwa sauti. Akagusa masikio yake, akatikisa kichwa. Hasikii, wala hasemi.

Hapa naona aibu kuandika, lakini nimeahidi. Nilipaza sauti.

"NANI AMEKUPIGA?" nikauliza. Akaniangalia. Nikapaza zaidi. "NI MTU WA NYUMBANI? NI MUME?" Nikashika mkono wangu mwenyewe nikaupindisha. "AMEKUVUNJA?" Malori yalipita, nikayashinda.

Bibi Mwanahawa akavuka barabara, unga mikononi, akaweka kichwa dirishani. "Mwanangu," akasema, "huyu hasikii. Lakini sisi wa ng'ambo sote tumesikia. Hata yule dereva wa Tunduma aliyekuwa anakula kwangu ameacha chai yake, anauliza kama mume kakamatwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu ameleta siri yake, nami nimeitangaza hadi mpakani.

"Huyu Bubu unamjua?" nikamuuliza.

Bibi Mwanahawa akafuta unga kwenye kanga yake polepole. "Bubu simjui. Namjua Sekela. Mama yake hakumzaa akamwita Bubu. Miaka minne ananisaidia kuchota maji na kutwanga, na tunazungumza kutwa nzima."

Faili nilikuwa nimeshaliandika: *Bubu wa Igawa*. Nililichana, nikaandika lingine.

Kwa msaada wa Bibi Mwanahawa nikapata habari kwa vipande. Mume wa Sekela alifariki msimu uliopita, akamwachia majaruba mawili ya mpunga. Shemeji yake, Ambakisye, aliyataka. Alianza kwa maneno, lakini maneno kwa Sekela hayafiki, basi akahamia kwenye fimbo. Bibi Mwanahawa alijua amepigwa. Kilichotokea hasa hakukijua, kwa sababu Sekela alipofika sehemu hiyo alikunja mikono, akageukia ukuta.

Nilimpeleka zahanati, mganga akaandika kwamba mfupa umevunjika. Tukaenda kituo cha polisi ambacho sitakitaja, kwa sababu yule askari alistaafu vizuri na anaimba kwaya. Alikuwa kijana mwungwana. Alimuuliza Sekela maswali yote ya kwenye fomu, akasubiri kwa subira baada ya kila moja, kisha akaandika kwa mwandiko safi: *Mlalamikaji ameulizwa maswali kumi na moja, hakujibu hata moja. Inaonekana hana malalamiko.* Akaniomba nisaini.

Sikusaini. Nikamwomba karatasi tupu, nikarudi na Sekela ofisini.

Nilijaribu kuchora. Nilichora nyumba, nikachora mwanamke, nikachora mwanamume mwenye fimbo. Sekela akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Kisha akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akaniuliza kwa macho. Nikatazama mchoro wangu. Kweli, alikuwa ng'ombe. Na fimbo ilikuwa mkia. Sekela akacheka hadi akajishika mkono uliovunjika kwa maumivu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Alipomaliza kucheka aliniondolea kalamu. Akatoka nje, akarudi na magunzi ya mahindi kutoka jalalani kwa Bibi Mwanahawa. Gunzi fupi akalifunga kipande cha kanga: yeye. Gunzi refu akalivika jani la mgomba kichwani: Ambakisye, mwenye kofia. Akachukua kisanduku changu cha mhuri, akakifungua. Akalipiga gunzi fupi kwa lile refu, mara nyingi kuliko nilivyotaka kuona. Akaliingiza ndani ya kisanduku, akafunga kifuniko. Akaninyooshea vidole vitatu, akaonyesha jua likichomoza na kuzama, likichomoza na kuzama, likichomoza na kuzama. Akafungua kinywa chini ya paa, akaonyesha tone likianguka kutoka juu.

Siku tatu amefungiwa ghalani kwa shemeji, mkono umevunjika, akinywa maji ya mvua yaliyovuja paani, kabla hajafunguliwa.

Niliyakusanya magunzi, moja baada ya jingine. Tukarudi nayo kituoni.

Askari aliyaona yale magunzi, na nampa sifa yake, alivua kofia. Akaandika upya, akayafunga kwenye gazeti, akayaandikia *Vielelezo*. Kesi ikapangwa mahakama ya mwanzo. Asubuhi yenyewe nilifunga kifurushi nyuma ya baiskeli, nikasimama kwa Bibi Mwanahawa kumngoja avae buibui. Buibui lilichukua muda. Nilipogeuka, mbuzi alikuwa amefungua gazeti. Alimwacha Sekela. Alikuwa amemla Ambakisye, kofia kwanza.

Nikataka kulia. Sekela akamtazama mbuzi, akamtazama Ambakisye aliyebaki kipande, akampigia mbuzi saluti.

Hakimu alikuwa mtu mzima mwenye miwani mizito, amekaa na wazee wawili wa baraza. Chumba kilijaa. Ambakisye alikaa mbele, kofia nzuri ya sufi kichwani, amestarehe. Alikuwa ameshawaeleza watu kwamba shemeji yake ana wazimu, alianguka mwenyewe kwenye mfereji, na tena asiyesema hawezi kushtaki.

"Nani atatafsiri?" Hakimu akauliza.

Bibi Mwanahawa akasimama, akala kiapo, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Sekela alionyesha ishara moja tu, ngumi kwenye mkono. Bibi Mwanahawa akavuta pumzi.

"Ndugu Hakimu, anasema, siku hiyo alikuwa ametulia nyumbani kwake, mjane wa watu, hana hili wala lile, mara akaingia huyu bwana asiye na haya, ambaye hata mama yake marehemu alimkanya, na ambaye mwaka juzi alikula kwangu vitumbua vinane akasema atarudi..."

"Amesema hayo yote kwa ngumi moja?" Hakimu akauliza.

"Ni ngumi yenye maana, Ndugu Hakimu."

Kisha Sekela akaeleza jambo refu, mikono inakwenda, uso unabadilika, dakika mbili nzima. Watu wakasogea mbele. Bibi Mwanahawa akatazama mpaka mwisho, akasema, "Anasema ndiyo."

Ambakisye akacheka kwa sauti. Mzee mmoja wa baraza akamnong'oneza Hakimu, na Hakimu akavua miwani. Nikajua kinachokuja. Akasema kwa upole kwamba anamheshimu mama mkalimani, lakini haoni maneno ya mlalamikaji yanaishia wapi na ya mkalimani yanaanzia wapi, na kwamba kwa hali hiyo huenda kesi isiweze kuendelea.

Sekela hakusikia, lakini alimwona Bibi Mwanahawa akiinamisha kichwa, akaniona na mimi. Akatoka kizimbani. Mgambo akataka kumzuia, Hakimu akainua mkono.

Sekela akatembea hadi mlangoni, akageuka, akaingia tena. Ila aliyeingia hakuwa Sekela. Alitupa vidole vya miguu nje kama bata. Akapandisha suruali asiyoivaa kwa viwiko viwili. Akasimama, akakohoa mara tatu bila sauti, akavuta ncha ya sikio, akachukua ugoro usiokuwepo, akaufikicha, akapiga chafya iliyomrudisha nyuma hatua mbili. Kabla hajamaliza chafya, chumba kizima kikapiga kelele, "Ambakisye!"

Hakimu akagonga meza. "Kimya! Kicheko si ushahidi."

Ambakisye akasimama kwa hasira. Akapandisha suruali kwa viwiko viwili. Akakohoa mara tatu. Akavuta ncha ya sikio. "Ndugu Hakimu," akasema, "huyo siye mimi hata kidogo."

Sijawahi kuona mahakama ikicheka vile. Mzee wa baraza wa kulia alilazimika kutoka nje.

Lakini Sekela hakucheka, wala hakuacha. Bado akiwa Ambakisye, aliinua fimbo. Akapiga. Akageuka akawa yeye, akapokea. Akageuka tena, akapiga. Kicheko kikafa kidogo kidogo, kama mvua inapokatika, hadi nikasikia malori barabarani. Akaburuta mtu. Akafunga mlango, akatia kufuli, akageuza ufunguo. Akawa yeye tena, jicho kwenye ufa wa mlango, kisha Ambakisye: ufunguo akautazama, akavua kofia asiyokuwa nayo, akauingiza ndani ya bitana, akaivaa tena kichwani na kuigongagonga vizuri.

Hakimu akavaa miwani yake. Akamgeukia Ambakisye.

"Vua kofia."

"Ndugu Hakimu, nina mafua."

"Vua."

Mgambo akaigeuza kofia, akapapasa bitana, ufunguo ukaanguka sakafuni.

"Wa nini huu?"

"Wa... wa baiskeli yangu."

Yule mzee wa baraza, aliyekuwa amerudi akijifuta macho, akasema, "Hana baiskeli. Huwa anaazima yangu. Na yangu haina kufuli."

Hakimu akaahirisha kwa saa mbili, akamtuma mgambo na mzee huyo ghalani kwa Ambakisye. Ufunguo ulifungua kufuli. Ndani walikuta kanga ya Sekela, na kwenye ukuta, chini ya sehemu inayovuja, udongo umelainika kwa kulambwa. Mzee aliporudi hakuwa na mzaha tena. Alieleza alichokiona, akakaa, akaomba maji.

Ambakisye alifungwa. Majaruba yakaandikwa jina la Sekela mbele ya uongozi wa kijiji, na msimu ule ule akapanda mwenyewe, mkono mmoja bado mdhaifu, Bibi Mwanahawa amekaa kwenye tuta akimwelekeza kazi ambayo hakuijua kabisa.

Nilidhani kazi imekwisha. Bwana Kihwele alipopita akielekea Mbeya nilimsimulia kwa majivuno. Akanywa chai yote, akauliza, "Na yule ambaye hajui kuigiza?"

Sikulala vizuri kwa swali hilo. Mwezi uliofuata niliwakusanya mabalozi wa nyumba kumi kumi wa Igawa, wazee wenye hadhi zao, wakafundishwa ishara, na mwalimu akawa Sekela. Alikuwa mkali. Aliyekosea alisimamishwa mbele ya wenzake. Balozi mmoja alichanganya ishara ya kupigwa na ya kutwanga, akaniletea mama mmoja kiziwi kutoka Mbarali, amemshika mkono kwa huruma nyingi, akisema amenusurika kifo. Mama alikuwa anaulizia kinu cha kuazima. Tukampa kinu. Lakini balozi huyo huyo, wiki tatu baadaye, alimleta binti mwenye miguu iliyolemaa ambaye kwao walimficha chumbani, na safari hiyo hakukosea. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba afadhali balozi anayeleta watu wasio na shida kuliko anayengoja awe na hakika.

Tulifanya na mengine madogo. Dirisha la ofisi likapata pazia. Meza nikaisogeza pembeni, watu wakae bila meza katikati. Kwenye fomu, palipoandikwa *amesema*, nikaandika kwa mkono *ameeleza*, na yule askari mwimba kwaya akaiga. Mkubwa mmoja akaniandikia barua kuuliza kwa idhini ya nani nimebadilisha fomu. Barua hiyo bado naitafuta ili niijibu.

Kisha ikaja siku ya yule mwanamke kutoka Nyololo. Aliletwa na shangazi yake kwa lori la viazi. Alikuwa kiziwi kama Sekela, mdogo kwake kwa miaka kumi, na kwa miaka miwili hakuwa amemweleza mtu yeyote lolote. Alikaa ametazama sakafu. Nikatoa karatasi zangu, nikajiandaa. Kila nilipoanza ishara, shangazi alijibu kwa mdomo.

"Ana huzuni tu huyu. Alikuwa hivyo hivyo tangu utoto. Mwandikie dawa."

Sekela alikuwa ameleta maji ya kunywa. Akatutazama, mimi na shangazi, kwa zamu. Akaweka ndoo chini. Akanishika bega, akaninyanyua kwenye kiti changu. Akamnyanyua na shangazi. Akatutoa nje wote wawili kama mtu anayetoa kuku jikoni, akavuta pazia, akafunga mlango wa ofisi ya serikali kwa ndani.

"Sasa huyu ndiye nani?" shangazi akaniuliza.

Tukakaa barazani, jua kali. Bibi Mwanahawa akatuletea vitumbua, akakaa naye. Nusu saa ikapita. Kwa ndani hakukuwa na sauti yoyote, ila mara moja tulisikia mguu ukikanyaga sakafu kwa nguvu, na mara nyingine kitu kama kilio kikikatika katikati. Shangazi akainuka. Nikamshika kanga yake, nikamkalisha.

Katibu wa kijiji akapita na baiskeli, akafunga breki alipotuona.

"Mama Maendeleo," akaniita, jina nililopewa pale Igawa, "mbona umekaa nje? Ofisi imefungwa?"

"Haijafungwa," nikamwambia. "Kuna kazi inafanyika."